Mjane anayesoma kemia kuielewa gesi iliyomuua mumewe

Saa moja asubuhi, Ndinda Kiema amepiga magoti kando ya gari lililogongwa, ndani ya gereji moja karibu na Barabara ya Jogoo, Nairobi. Mkono mmoja umeshika kipande cha msasa, mwingine unachota maji kwenye karai. Anasugua mlango wa gari polepole, anaumwagia maji, kisha anaupapasa kwa ncha za vidole kama mama anayetafuta homa kwenye paji la uso wa mtoto.

"Hapa bado," anasema, na kuanza tena.

Upande wa pili wa ua, fundi anawasha moto wa gesi. Paa! Mabega ya Ndinda yanaruka. Hainui kichwa. Anangoja kidogo, anavuta pumzi, halafu mkono unarudi kazini.

"Miaka saba, na mwili bado haujazoea," anasema.

Ndinda, 44, mkazi wa Makongeni, ni mpiga msasa. Yeye ndiye anayelainisha mabati ya magari kabla ya kupakwa rangi. Siku ikiwa nzuri hulipwa shilingi mia saba. Kazi hii hakuichagua. Alipewa na mwenye gereji, Bw Wahome, muda mfupi baada ya mumewe, Kyalo Muasya, kufia katika ua huu huu Agosti 2018.

Kyalo alikuwa fundi wa kuchomelea. Kama ilivyo katika gereji nyingi ndogo, hapa gesi hainunuliwi kwa mtungi. Mafundi waliunda tanki lao la chuma. Hutia maji, kisha hutia mawe ya kijivu yaitwayo kabaidi. Kabaidi ikikutana na maji hutoa gesi ya asetilini, ambayo hupita kwenye mpira hadi penye moto. Juu ya tanki kuna kizibo kilichokandamizwa na kipande cha chuma. Gesi ikizidi ndani, hukisukuma kizibo na kupumua nje.

Siku ile haikupumua.

"Nilikuwa nyumbani naanika nguo," Ndinda anakumbuka. "Nikasikia mshindo. Nikadhani ni tairi la lori. Nikaendelea kuanika. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba niliendelea kuanika."

Kyalo alifariki papo hapo. Mwenzake aliyefanya naye kazi kwa miaka tisa, Ochola, alinusurika akiwa na majeraha ya moto mikononi na sikio moja lisilosikia tena. Walipomvua shati hospitalini, walikuta pakiti ya sigara mfukoni.

Hiyo pakiti ndiyo iliyoandika hukumu. Kufikia jioni, kila mtu gerejini na mtaani alikuwa anajua kilichotokea: Ochola aliwasha sigara karibu na tanki.

"Mimi mwenyewe nilikwenda wodini," anasema Ndinda. "Amefungwa bendeji mikono yote miwili. Nikasimama mbele ya wauguzi na wagonjwa nikamwambia, 'Baba Seth, umeniulia mume kwa sababu ya sigara.' Aligeukia ukuta. Nikasema, haya, ukuta umeshuhudia."

Polisi walikuja, wakatazama vipande vya tanki, wakaenda. Hakuna mtaalamu aliyerudi kuuliza zaidi. Ochola alipotoka hospitalini alikuta nafasi yake imechukuliwa. Mkewe alirudi Siaya, kando ya Ziwa Victoria, akiwa na mtoto wao, Seth. Watoto wa mtaa wakampa jina jipya, Kiberiti, na jina likamshika hata kwa watu wazima. Mwishowe alihama kabisa.

Ndinda alibaki na watoto wawili, karai, na hasira.

Masomo yalikuja kwa mlango mwingine. Alikuwa ameacha shule kidato cha pili huko Mwingi, Ukambani, baba yake alipougua. Binti yake mkubwa, Kavinya, alipojiunga na chuo cha uuguzi miaka miwili iliyopita, alimgeukia mama yake na kumwambia, "Mum, sasa ni zamu yako." Ndinda alicheka. Kavinya hakucheka.

Hivyo ndivyo alivyojikuta katika ukumbi wa kanisa moja Makongeni, ambako watu wazima hukusanyika jioni baada ya kazi kujiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Kuna makarani, madereva, na mlinzi mmoja anayekuja na sare yake. Ndinda ndiye mkubwa wao kwa umri.

Walipotakiwa kuchagua masomo ya sayansi, wengi walikwepa kemia. Ndinda alifungua kitabu tu, akapekua, jicho likaanguka kwenye neno analolijua.

"Niliona wameandika kabaidi. Nikasema, kumbe hiki kitabu kinamjua aliyeingia nyumbani kwangu."

Haikuwa rahisi. Anakiri kwamba kwa muhula wa kwanza hakuelewa chochote. Moli, kile kipimo cha kuhesabia chembe, ilimtoa machozi. Katika jaribio la kwanza alipata alama kumi na moja kwa mia, na akaficha karatasi chini ya godoro ili mwanawe mdogo asiione.

Mwalimu wake, Elsie Adoyo, 28, anasema mara mbili aliamini kwamba mama huyu hatarudi. "Alikuwa anakaa nyuma, mikono imepasuka kwa maji na msasa, anashindwa hata kushika kalamu vizuri. Lakini akikosa somo, anakuja siku inayofuata kuomba nimrudishie."

Februari mwaka huu, darasa lilifika kwenye sura ya joto na mabadiliko ya kikemikali.

Ukumbi ule hauna maabara. Mwalimu Elsie alikuja na vikombe viwili vya plastiki, chokaa mbichi ya ujenzi, na mbolea ya urea aliyoipata kwa muuza miche. Akatia chokaa katika maji ya kikombe cha kwanza, akakipitisha mezani. Kikombe kilikuwa cha moto. Akatia mbolea katika cha pili. Hicho kilikuwa baridi kama kilichotoka kwenye friji.

"Joto la kikombe hiki limekwenda wapi?" akauliza.

"Limepotea, tichee," akajibu mlinzi.

"Joto halipotei. Limekwenda wapi?"

Ndinda ndiye aliyeshika kikombe wakati huo. "Limeingia ndani," akasema, kwa sauti ya mtu asiye na hakika.

Mwalimu akawaeleza. Kila kitu kina akiba ya joto ndani yake, ndiyo inayoitwa enthalpia. Akiba yenyewe huwezi kuiona wala kuipima. Unachoweza kupima ni kile kinachoingia na kile kinachotoka. Kitu kikitoa joto, tunaandika alama ya kutoa. Kikimeza joto, tunaandika alama ya kujumlisha.

Kisha akaandika ubaoni jedwali fupi la joto la kuundwa, yaani joto linalotoka au kuingia wakati moli moja ya kitu inapoundwa kutokana na elementi zake. Maji, kutoa kilojuli 286. Gesi ya kaboni dioksidi, kutoa 394. Methani, kutoa 75. Asetilini, jumlisha 227.

Ndinda anasema alinakili safu yote kabla ya kuona kwamba alama moja ni tofauti. Halafu akainua mkono.

"Mwalimu, hapo kwa asetilini umekosea alama?"

"Sijakosea, mama."

"Mbona wenzake wote wanatoa, yeye anajumlisha?"

"Kwa sababu wenzake walipoundwa walitoa joto, wakatulia. Huyu alipoundwa alimeza joto, na bado amelishika. Kaboni na haidrojeni zilizomo ndani yake zimelazimishwa kukaa pamoja. Zikipata nafasi ya kuachana, zinaachana, na joto lote linarudi kwa mpigo."

"Zikipata nafasi gani? Moto?"

"Moto, ndiyo. Lakini si lazima moto wa nje. Ukiipasha joto, au ukiisonga kwa presha kubwa, inaweza kuvunjika yenyewe. Hata hewa haihitaji."

"Presha kubwa kiasi gani?"

Mwalimu Elsie, ambaye hakujua chochote kuhusu Kyalo, alijibu kama angemjibu mwanafunzi yeyote. Alisema wanaotumia gesi hiyo hukatazwa kuisonga hata kufikia nusu ya presha ya tairi la gari.

Ndinda aliomba ruhusa ya kutoka. Wenzake walidhani amekwenda msalani. Mwalimu alimkuta nyuma ya ukumbi, amekaa chini kwenye vumbi, ameshika magoti.

"Nilimuuliza, 'Mama, unaumwa?'" anasema Elsie. "Akaniambia, 'Mwalimu, kwa hivyo inaweza kulipuka bila sigara?' Hapo ndipo aliponieleza yote. Nilimwambia tu kwamba jedwali halimshtaki mtu wala halimwachilii mtu. Linasema kinachowezekana."

Ndinda anasema alilala akiwa na swali moja tu kichwani. Nani alikuwa amekisonga kizibo?

Jumamosi iliyofuata alikwenda Kiamaiko, mtaa mwingine wa Nairobi.

Ochola, 51, anafanya kazi nyuma ya soko la mbuzi. Huchoma manyoya ya vichwa na miguu ya mbuzi kwa ajili ya wauza supu. Wenzake wengine hutumia bomba la gesi. Yeye hutumia vyuma anavyovitia kwenye moto wa kuni hadi viwe vyekundu, kisha huvikandamiza kwenye ngozi. Kazi huchelewa, na wateja hulalamika. Hajashika gesi tangu 2018.

Mafundi wa zamani walimwelekeza Ndinda, na alimtambua kwa mgongo. Alikaa kwenye benchi upande wa kulia kwake, akamsalimia. Ochola hakujibu. Ndinda akakumbuka kwamba sikio lile halisikii, akazunguka kukaa upande wa pili.

"Mama Kavinya," alisema Ochola alipomwona. Hakusimama.

"Baba Seth. Nimekuja kuuliza, sikuja kugombana."

"Uliza."

"Siku ile, kizibo cha tanki kilikuwa na uzito wa kawaida?"

Wote wawili wanakumbuka kwamba chuma kilichokuwa mkononi mwa Ochola kilipoa bila kufanya kazi.

"Nani amekuambia habari ya kizibo?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimesoma."

"Umesoma wapi?"

"Shuleni. Siku hizi nasoma."

Ochola alirudisha chuma motoni. Akakigeuza, akakigeuza tena. Halafu akamweleza, akitazama moto.

Moto wa kuchomelea ulikuwa unalegea tangu asubuhi. Mteja alikuwa amesimama hapo akitaka gari lake. Kyalo akachukua gia kuukuu ya gari, akaiweka juu ya kile chuma cha kizibo ili gesi isukumwe kwa nguvu. Moto ukapanda vizuri. Baadaye ukalegea tena, akaongeza gia ya pili. Tanki likawa la moto, kwa sababu kabaidi yenyewe hutoa joto ikikutana na maji.

"Nilimwambia, 'Kyalo, yatosha,'" anasema Ochola. "Akaniambia, 'Tumalizie huu mlango tu.' Nikaenda kuchota maji nilimwagie tanki lipoe. Nilikuwa nimeinama kwenye mfereji. Sikumbuki kingine."

"Na sigara?" Ndinda alimuuliza.

"Pakiti ilikuwa mfukoni. Kiberiti sikuwa nacho. Kyalo ndiye aliyekuwa ananinyang'anya viberiti kila asubuhi. Hukujua?"

Hakujua.

Kuhusu kunyamaza kwake, Ochola anampa mwandishi huyu jibu lile lile alilompa Ndinda siku ile.

"Ningesema kwa nani? Watu walikuwa wanachanga pesa za kumpeleka marehemu kwao. Mwafrika akisikia marehemu alijitakia, mkono unarudi mfukoni. Huyu mama alikuwa na watoto wawili wadogo. Na Wahome, angempa kazi mke wa mtu aliyemlipulia gereji? Nikasema, mimi niko hai. Mtu aliye hai anaweza kubeba."

Anatazama mikono yake, yenye ngozi iliyojikunja kama karatasi iliyolowa ikakauka.

"Ila sikujua ni mzigo wa miaka yote hii. Nilidhani watu watasahau. Jina la Kiberiti lilinifuata mpaka huku."

Ndinda anasema alipiga magoti mbele ya benchi lile, kwenye damu na majivu, na Ochola akamwambia asimame, watu wanaangalia. Hakumwambia amemsamehe. Alimpa kikombe cha supu, akamwambia anywe kabla haijapoa. Aliinywa yote.

Mtu angetarajia kwamba ukweli ungemtua Ndinda mzigo. Anasema haikuwa hivyo.

"Miaka yote nilikuwa na mtu wa kumkasirikia. Nikilala njaa, namkasirikia Ochola. Mtoto akiugua, Ochola. Sasa sina mtu. Nimebaki na Kyalo tu, na Kyalo nitamgombezaje? Alikuwa anataka amalize mlango wa gari arudi nyumbani."

Kwa wiki kadhaa alikuwa akitoka kazini na kupita kando ya reli akilia, ili mwanawe asimwone. Hakuhudhuria masomo kwa muda. Mwalimu Elsie alimfuata nyumbani mara mbili. Mara ya pili alikuja na jibu la swali ambalo Ndinda alikuwa amemuuliza na likamshinda, kwamba mitungi ya dukani inashikaje gesi hiyo bila kulipuka. Alikuwa amekwenda kusoma. Alimweleza kwamba ndani ya mtungi kuna kitu chenye vitundu kama sponji, kimeloweshwa kwa kimiminika kinachoinywa gesi na kuituliza.

"Nikamwambia, mwalimu, basi hata yenyewe inahitaji kubembelezwa," anasema Ndinda, na kwa mara ya kwanza anatabasamu.

Alirudi darasani. Ila kabla ya hapo kulikuwa na jambo moja gerejini.

Baada ya mlipuko, Bw Wahome alikuwa ameunda tanki jipya, la aina ile ile. Ndinda alikuwa amefanya kazi ng'ambo yake kwa miaka saba bila kulikaribia. Asubuhi moja ya Machi aliliendea. Juu ya kizibo, mafundi walikuwa wameongeza pande la reli. Alilitoa, akalibeba hadi kwenye nafasi yake, akalitia ndani ya karai lake la maji na kuendelea kupiga msasa.

"Mathe, rudisha hiyo chuma bana, moto imelala!" akapiga kelele mmoja wao.

"Wacha ilale."

Walicheka mwanzoni. Kisha wakakasirika. Wahome akaitwa. Anasema alifika akiwa tayari kumfukuza, akakuta Ndinda amesimama, anawaeleza mafundi habari ya kaboni na haidrojeni zilizolazimishwa kukaa pamoja.

"Kusema kweli, hayo ya kemia sikuyaelewa yote," anasema Wahome. "Lakini aliposema Kyalo aliongeza gia mbili, nilikumbuka. Niliziokota mwenyewe siku ile, moja ilikuwa juu ya paa la jirani. Sikujiuliza zilifikaje huko."

Fundi mmoja akasema, "Kumbe Kiberiti hakuwa na makosa."

"Anaitwa Ochola," Ndinda akamjibu.

Walitafuta sababu ya moto kulegea. Ilikuwa mpira. Ulikuwa mrefu mno, umepasuka sehemu tatu na kufungwa kwa vipande vya tyubu. Wahome alinunua mwingine mfupi, pamoja na saa ya kupimia presha. Moto haujalegea tena.

Ndinda anapolieleza hilo anaacha kusugua. Anauweka msasa juu ya gari.

"Mpira mfupi," anasema. "Ni hilo tu. Mpira mfupi."

Kisha anauchukua tena msasa na kurudi kazini.

Mtihani ni Novemba. Katika jaribio la mwisho alipata alama arobaini na nne katika kemia, na sura ya joto ndiyo iliyompa nyingi. Anataka gredi ya C. Akiipata, ataomba nafasi katika chuo cha ufundi asomee usalama wa kazini, ili apite katika gereji za Eastlands akitazama matanki kabla ya watu kuumia. Anajua umri umekwenda. "Watasema nimechelewa. Ni kweli, nimechelewa."

Desemba, mtihani ukiisha, ana safari ya Mwingi. Kyalo amezikwa huko, nyuma ya nyumba ya mama yake, na Ochola hajawahi kuliona kaburi la rafiki yake. Ndinda alimwomba waende pamoja. Ochola alikaa siku nyingi bila kujibu, kisha akatuma ujumbe kuuliza kama mama mzazi wa Kyalo atamfukuza.

Ndinda akampigia simu mama mkwe wake. Ilimbidi amweleze yote, gia ya kwanza na ya pili, na kwamba mtu waliyemlaani kwa miaka saba alikuwa amekwenda kumchotea mwanawe maji. Mama huyo, aliyepita miaka themanini, alimsikiliza hadi mwisho.

"Nilipomaliza," anasema Ndinda, "aliniuliza, 'Huyo Mjaluo anakula muthokoi wetu wa mahindi, ama nimtafutie samaki?'"